Mchongezi ao Shahidi?



Filme ninayotaka kusema juu yake si mpya. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 2014 katika televizio ARD ya Ujerumani, na aliyeitengeneza ni Hajo Seppelt, mwandishi wa habari za michezo. Inaeleza namna Urusi ilivyowatia wakimbiaji wake dawa za nguvu. Tuliitazama hapa Kailo katika ordinateri moja, na vijana wanaojitayarisha kwa seminari. Ilipokwisha, mmoja wao, tena si mjinga, alisema: «Padri, huyu mama ni mchongezi tu.» Wengine wakacheka, wakakubali. Nilikasirika, lakini sikuwa na jibu tayari. Jibu ndilo hili, limechelewa majuma matatu.

Mama huyo ni Yuliya Stepanova, mkimbiaji wa metre 800. Mume wake Vitaly alifanya kazi tangu mwaka 2008 mpaka 2011 katika ofisi ya Urusi iliyowekwa kwa kupigana na dawa hizo. Aliona ofisi yenyewe inawafichia wakosaji, na tangu mwaka 2010 akaanza kuandikia WADA, ofisi inayosimamia jambo hilo kwa dunia nzima. Wakati ule ule mke wake alikuwa akizitumia dawa, sawa na wenzake. Ndoa gani ile, mume anawinda na mke anawindwa! Mwaka 2013 Yuliya alikamatwa kwa damu yake, akafungiwa miaka miwili. Kisha akakubaliana na mume wake kusema yote. Alichukua telefone, akaenda kwa wenzake na kwa wakubwa wake, akazungumza nao kama kawaida, na telefone ikashika maneno yao bila wao kujua.

Hapo ndipo moyo wa filme. Mariya Savinova, mshindi wa metre 800 katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, anaongea kama mtu anavyoongea na mwenzake wa kazi. Anataja dawa, oxandrolone, bila haya na bila woga. Haogopi kwa sababu anayemsikiliza ni mtu wa ekipe yake. Vijana wetu waliona sehemu hiyo tu. Waliona mtu aliyekaribishwa kama rafiki, naye akiwa na mtego mkononi.

Nisifu kwanza kinachofaa kusifiwa. Filme haimfanyi Yuliya mtakatifu. Yeye mwenyewe anakiri mbele ya wote kwamba alijitia dawa, na kwamba alifundishwa kuona jambo hilo kama sehemu ya kazi. Hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana anayeshitaki wengine kwa kawaida huanza kwa kujisafisha. Tena filme haisimami kwa wakimbiaji tu. Inapanda mpaka kwa waganga, wafundishaji na wakubwa wa chama. Liliya Shobukhova, mkimbiaji wa marathoni, anaeleza namna alivyotoa euro 450.000 ili kosa lake lifichwe. Basi si dhambi ya binti mmoja, ni soko zima.

Lakini Seppelt ameacha swali moja, nalo ndilo swali la vijana wetu. Je, kabla ya kufungua telefone, Yuliya alimwambia Savinova: dada, tuache mambo haya? Filme haiulizi. Mtengenezaji ana haraka ya kutuonyesha ushindi wake, na muziki wake wa kutisha unatusukuma tusiulize sisi vilevile. Mkristu hawezi kuruka pale. Bwana wetu, katika sura ya 18 ya Matayo, ameweka njia: mtu na ndugu yake peke yao kwanza, kisha mashahidi mmoja ao wawili, na kanisa mwisho.

Hata hivi, wanaosoma Matayo 18 kama ukuta wa kuwafichia wakosaji wanasoma vibaya. Mtakatifu Thoma wa Akwino amelipima jambo hili katika Summa, pahali anaposema juu ya maonyo ya kindugu. Dhambi ya siri inayomdhuru mkosaji peke yake, ao inayomdhuru yule tu aliyekosewa, inafwata njia ya Matayo. Lakini kuna dhambi ya siri inayowaangamiza wengine, kama mtu anayefanya shauri la kuutoa mji kwa maadui. Huyo ashitakiwe mara moja, isipokuwa kama una tumaini imara kwamba onyo la siri litamzuia. Katika Urusi ya miaka ile, tumaini hilo lingetoka wapi? Wenye kupokea mashitaki ndio walikuwa wenye kugawa dawa. Mume aliandika barua miaka mingi bila mlango kufunguliwa. Kwangu mimi, Yuliya alikuwa na haki ya kusema. Juu ya telefone ya siri, ninakubali kwa shida, kwani bila sauti zile nani angemwamini mke aliyefungiwa?

Na wale walioangamizwa? Hapa filme ni masikini sana. Inatuonyesha wakosaji na washitaki. Wenye kuibiwa haiwaonyeshi. Niwataje mimi, kwa sababu ni watu wa upande wetu. Katika mashindano ya dunia ya Daegu mwaka 2011 Savinova alishinda, na Janeth Jepkosgei wa Kenya akawa wa tatu. London mwaka 2012 Savinova alishinda tena. Pamela Jelimo wa Kenya akawa wa nne, akarudi kwao mikono mitupu. Katika mbio ile ile alikimbia Francine Niyonsaba wa Burundi, jirani yetu, binti wa miaka 19. Mwaka 2017 hukumu ya michezo ilimnyang'anya Savinova ushindi wake wa miaka ile. Jepkosgei akapata nafasi ya pili ya Daegu, Jelimo akapandishwa kwenye nafasi za medali. Kisha miaka mitano, sita! Medali inayokuja namna hiyo haina uwanja uliojaa watu, na mapatano ya fedha yaliyopotea hayarudi. Kijana aliyesema «mchongezi» alimhurumia Savinova kwa sababu alisikia sauti yake. Jelimo hakumsikia.

Tarehe 1 Agosti 2015 Seppelt alitoa filme ya pili, iliyojengwa juu ya vipimo vya damu zaidi ya 12.000 vya wakimbiaji 5.000, na ndani yake alipeleka kamera mpaka Kenya. Ninaiona dhaifu kuliko ya kwanza. Picha za siri ni nyingi, na watu wanaosimama kwa jina lao kusema «mimi vilevile» ni wachache. Zaidi ninakumbuka habari yake ya mwaka 2012, ambamo Mathew Kisorio, aliyekamatwa mwaka ule ule, alisema waziwazi kwamba waganga wanawapelekea wakimbiaji dawa na kwamba yeye si peke yake. Wengi wa kwao walimkasirikia, wakaona ameichafua nchi. Miaka miwili baadaye Rita Jeptoo, mshindi wa Boston na Chicago, alikutwa na EPO, dawa ambayo waganga wanawapa wagonjwa wa figo ili damu iongezeke. Mwaka 2016 Kenya ikaweka sheria juu ya mambo hayo. Mwezi wa 10 mwaka 2025 Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi, alikubali kufungiwa miaka mitatu. Alishitakiwa na mkojo wake.

Tusidhani basi kwamba kila anayepiga kelele ni shahidi. Mwezi wa 11 mwaka 2015 wakimbiaji wa Kenya waliyafunga makao ya chama cha riadha kule Nairobi, wakidai wakubwa watoke juu ya rushwa na dawa. Shirika la wakimbiaji liliongozwa wakati ule na Wilson Kipsang, aliyekuwa amevunja rekodi ya dunia Berlin mwaka 2013. Mwaka 2020 yeye mwenyewe alifungiwa miaka minne, kwa sababu ya kukosekana alipotafutwa kwa kupimwa, na kwa sababu ya kuleta foto ya ajali ya barabara ili ajitetee, nayo ajali ilitokea miezi kadhaa kisha siku ile. Malalamiko dhidi ya wakubwa hayakuwa uongo kwa sababu hiyo. Ila mdomo ulipungukiwa.

Na Marekani kuna mchezo wa besiboli, wa kupiga mpira mdogo na fimbo. José Canseco alitoa kitabu mwaka 2005, akawataja wenzake wa ekipe, na Mark McGwire kati yao. Walimwita mwongo. McGwire akakiri mwaka 2010. Maneno yake juu ya huyo yalikuwa kweli, lakini aliyauza dukani, na katika kitabu chake dawa zinasifiwa. Huyo, kijana wangu, ukimwita mchongezi sitakugombeza sana. Kuchongea katika lugha yetu ni kupeleka jina la mwenzako kwa mkubwa ili yeye aanguke na wewe upate kitu. Yuliya alipata nini? Alikimbia nchi yake na mume na mtoto mdogo. Mwezi wa 7 mwaka 2016 alikimbia Amsterdam bila bendera, mguu ukaumia, akamaliza akichechemea. Mwezi ule ule wakubwa wa Olimpiki wakamkatalia Rio, wakisema hatimizi masharti ya adabu.

Ninasema haya kwa vijana wa seminari kwa sababu wataulizwa. Kanuni ya 1043 inawafunga waamini wote kufunua vizuizi wanavyovijua kabla ya mtu kupewa daraja takatifu. Na tangu mwaka 2019 sheria ya Papa Fransisko, Vos estis lux mundi, inamlazimisha kila padri na mtawa kupeleka habari akijua ao akiwa na sababu ya kuamini kwamba mwenzake amemtendea mtoto ao mtu mnyonge uovu wa uchafu, isipokuwa yale ya siri ya kitubio. Inakataza vilevile kumtesa aliyesema. Kijana anayefundishwa katika chumba cha kulala kwamba jina la mwenzake halitoki inje kamwe, siku hiyo atafanya nini? Katika nyumba zetu neno «mchongezi» linatupwa upesi mno. Nimewahi kulitupa mimi mwenyewe, na aliyelipokea alikuwa amesema kweli.

Filme ya kwanza inafaa kwa watu wazima na kwa wanafunzi wa seminari kubwa. Kwa wadogo, awepo mtu wa kufasiria, na filme isimamishwe pale telefone inapoanza kusema, ili wabishane kwanza. Ya pili si ya lazima.