Mpangilio wa Maelezo ya Menyu na Amri za GRUB: Uhakiki kwa Kuzingatia Msomaji wa Kiswahili wa Michenga, Ifakara

Uhakiki huu unachunguza mwongozo wa GRUB, programu inayoanzisha mfumo endeshi wa kompyuta, hususani Linux. Programu hiyo ilibuniwa na Erich Boleyn mwaka 1995, na mwaka 1999 ikaingizwa katika mradi wa GNU. Toleo namba 2.00, lenye lugha kamili ya skripti, lilitolewa mwaka 2012. Kazi ya GRUB ni kuonesha menyu, kupakia kerneli katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha kuiachia kerneli hiyo uendeshaji wa mashine. Msomaji anayezingatiwa ni fundi au mwalimu wa Michenga, katika bonde la Kilombero, ambaye umeme umekatika kompyuta ikiwa kazini, na uliporudi kioo kikabaki na alama ya kuingizia amri tu. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu wa mwongozo kwa msomaji huyo unatokana zaidi na mpangilio wa maelezo kuliko lugha ya Kiingereza. Hivyo, tafsiri itakayofuata mpangilio uleule itarithi ugumu uleule.

Uhakiki unaongozwa na Nadharia ya Skopos iliyoasisiwa na Hans Vermeer na kuendelezwa pamoja na Katharina Reiss. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, ubora wa tafsiri hupimwa kwa lengo ambalo matini inakusudiwa kulitimiza kwa hadhira yake. Lengo la mwongozo wa GRUB ni kumwezesha mtu kuiwasha mashine iliyokwama. Kila uamuzi wa mwandishi au mfasiri unapaswa kupimwa kwa kigezo hicho.

Kwa kigezo hicho, sura ya amri ina kasoro ya msingi. Sehemu yake kubwa imepangwa kwa alfabeti. Mpangilio huo humfaa anayelijua jina la amri na anayetaka kuhakikisha maana yake. Msomaji wa Michenga halijui jina hilo. Tazama amri nne anazozihitaji: "boot", "initrd", "linux" na "search". Hivyo ndivyo zinavyofuatana kialfabeti. Katika utendaji, mfuatano ni kinyume kabisa: "search" hutafuta sehemu ya diski yenye mfumo, "linux" hupakia kerneli, "initrd" hupakia mfumo mdogo wa awali, na "boot" hukamilisha safari. Anayeanza na "initrd" kabla ya "linux" hujibiwa kwamba kerneli haijapakiwa. Kamusi ya amri imechukua nafasi ya maelekezo ya kazi.

Hata hivyo, mwongozo una ubora usiopaswa kupuuzwa. Umeeleza bayana tofauti ya toleo la pili na la zamani katika kuhesabu sehemu za diski. Diski huhesabiwa kuanzia 0 katika matoleo yote mawili, lakini sehemu zake, zilizoanzia 0 zamani, sasa huanzia 1. Kwa hiyo "(hd0,0)" ya zamani ni "(hd0,1)" ya sasa. Onyo hilo ni muhimu kwa anayetumia kompyuta kuukuu pamoja na maelezo mapya.

Jambo jingine linalostahili kutangulia maelezo yote ni usalama wa mtumiaji. Mabadiliko anayoyafanya kwa kubonyeza "e" kwenye menyu hutumika kwa uwashaji huo mmoja tu. Kompyuta ikizimwa, yanapotea. Msomaji anayelifahamu hili hujaribu bila hofu ya kuharibu kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa katika diski.

Tatizo la tatu linatokana na tahajia ya Kiswahili chenyewe. Baadhi ya mifano ya "menuentry" huweka jina la chaguo ndani ya alama moja ya nukuu. Mtu akiandika 'Maabara ya Mang'ula', ritifaa ya "ng'" hufunga nukuu mapema, na alama ya mwisho hufungua nukuu nyingine inayomeza mistari inayofuata. Jina la mji ulio kando ya barabara iendayo Ifakara linatosha kuvuruga menyu nzima. Tiba yake ni kutumia alama mbili za nukuu, na kulikagua faili kwa "grub-script-check" kabla ya kuizima kompyuta. Mfasiri anayenakili mifano ya Kiingereza hawezi kuibua hatari hii, kwa kuwa haimo katika matini chanzi.

Aidha, Ubuntu imeongeza utaratibu wake uitwao "recordfail". Uwashaji ukikatizwa, menyu ya safari inayofuata husubiri muda mrefu zaidi, na katika matoleo ya awali ilisubiri hadi kitufe kibonyezwe. Seva isiyo na kioo wala kibodi huonekana imekufa, kumbe inasubiri. Muda huo hurekebishwa katika faili "/etc/default/grub", kisha amri "update-grub" hutekelezwa. Kwa kuwa utaratibu huo ni wa Ubuntu, anayeutafuta katika mwongozo wa GNU hupoteza muda.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za programu za ofisini. Menyu ya uwashaji inadai hatua zaidi ya istilahi. Majina ya amri yabaki yalivyo, kwa kuwa mashine haitambui mengine. Maelezo ndiyo yaandikwe kwa Kiswahili, yakipangwa kwa dalili anazoziona mtumiaji: kioo cheusi, alama ya amri, menyu isiyosonga. Kila dalili ifuatwe na amri zake kwa mfuatano wa utendaji, na orodha ya alfabeti ihamishiwe kwenye kiambatisho. Mwongozo wa namna hiyo utakuwa umetimiza lengo lake pale mashine itakapowaka, hata kama haufanani na matini chanzi.