Herufi Nono za Nchi ya Chai

Ukitoka Kericho mjini ukashika barabara ya kwenda Litein na Bomet, huna haja ya kuuliza hoteli iko wapi. Ukuta wa mabati wenyewe unakuita: Chapati, Mursik, na juu ya mlango ile shukrani ya Kikalenjin, Kongoi, kwa herufi nono zilizovimba kama maandazi. Siku hizi kompyuta nayo hutoa fonti za sura hiyo, zikachapwa kwenye bango la plastiki. Kwangu mimi, herufi za brashi bado zinaongoza, na sababu iko kwenye bati.

Mawimbi ya bati la kawaida huachana kama sentimita 7 na nusu. Mstari mwembamba ukiyakatiza, anayetazama kutoka ubavuni (abiria wa matatu, yaani mteja) huona vipande tu. Vingine vimejificha mabondeni. Unenepeshe, jicho litaviunganisha. Ncha nazo ni kazi ya brashi: ikifika mwisho wa mstari, fundi huizungusha papo hapo, kisha huiinua, na mviringo unajitokeza wenyewe. Kona kali ingemdai arudie, na rangi ya mafuta ikirundikana pale huchuruzika. Mvua ya alasiri ya Kericho haimngojei mtu arekebishe.

Utaalamu hasa uko kwenye o. Fundi hupiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, halafu huiacha o ivuke kidogo juu na chini. Duara linaloishia mstarini huonekana limedumaa kando ya herufi iliyosimama wima. Tena o na g hukaribiana kuliko n na i, maana mbavu za mviringo zina nafasi yake tayari.

Hayo wachora fonti wanayajua tangu zamani. Cooper Black ya Oswald Cooper wa Chicago, iliyotoka mwaka 1922, ni nono vilevile na kona zake ni laini. Kinachoumbua fonti ni o ya pili. Katika Kongoi ya ukutani, o ya kwanza huwa imejiachia, ya pili imebanwa kwa kuwa ukuta unakwisha. Kompyuta hurudia ileile, kama muhuri. Fonti nzuri hubeba o kadhaa na programu huzibadilisha zamu kwa zamu, mradi mchapaji amekumbuka kuuwasha uwezo huo.

Kwa jina la duka, kinyozi au chekechea, herufi nono zitumie bila wasiwasi. Lakini tangazo la bonasi kwenye kituo cha kununulia chai ni kitu kingine. Unono hufumba matundu ya 6, 8 na 9, na mkulima aliye mwisho wa foleni, kikapu mgongoni, anaweza kusoma 8 palipoandikwa 6. Pale, niandikie tarakimu kavu, nyembamba, zenye kona.