Marehemu Arudi Kunywa Chai

Kusema kweli nimekisoma kitabu hiki mara mbili. Mara ya kwanza nililia kwa furaha. Mara ya pili nilikasirika.

Under the Whispering Door, riwaya ya Mmarekani TJ Klune iliyotoka mwaka 2021, inaanza na jamaa asiyetamanika hata kusalimiwa. Wallace Price ni wakili mwenye roho ngumu. Anakufa ghafla, na katika mazishi yake mwenyewe anaona hakuna anayemlilia. Mei, mchukua roho, anampeleka kwenye mkahawa wa chai wa Hugo, mvushaji wa wafu. Humo anaishi pia Nelson, babu yake Hugo, naye marehemu, pamoja na mbwa Apollo, marehemu vilevile. Taratibu mgeni anakuwa mtu wa nyumbani.

Wallace na Hugo wanapendana, wanaume wawili, na Klune haombi radhi wala hahubiri. Lakini mmoja ni mzimu, hata mkono hawawezi kushikana. Hapo mwandishi ameniweza. Kaniweza tena kwa Nancy, mama aliyefiwa na binti yake, anayekuja mkahawani kukaa tu. Hugo hamharakishi.

Sasa ubishi wangu. Kitabu karibu chote kinatufunza kukubali kifo, halafu mwishoni Wallace anafufuliwa! Nilipofiwa na kaka yangu, mama aliendelea kupika kipimo kilekile cha wali kwa miezi. Siku moja akapunguza kikombe kimoja cha mchele. Tulikula kimya. Hugo hakuachwa aifikie siku yake ya namna hiyo.

Mtaniambia: Klune mwenyewe alifiwa na mchumba wake, mwandishi Eric Arvin, mwaka 2016, basi mwache ampe Hugo alichonyimwa yeye. Namwelewa, wallahi. Lakini msomaji aliyefiwa akifunga kitabu, anabaki katika nyumba ambayo hakuna aliyerudi.

Basi mwenzangu unayeandika hadithi usiku kwenye daftari, kisome. Jifunze jinsi Nancy anavyoachwa akae. Ila ukitaka kumfufua mtu wako, weka kalamu chini kwanza. Pengine hadithi yenyewe iko kwa yule aliyebaki jikoni, anapima mchele.