Fimbo Iliyopewa Muda

Kabla ya mchezo naitoa fimbo yangu ya pool mkobani ikiwa vipande viwili, naikaza skrubu taratibu mpaka kidole hakiusikii tena mstari wa kiungo. Furaha yangu huanzia hapo, mipira ikiwa bado imepangwa.

Fimbo za baa hushikwa na kila mtu. Nyingi zimepinda, na ngozi ya ncha imelika kiasi kwamba chaki haikai. Hii imetoka mikononi mwa fundi mmoja. Kipande cha mbele ni mepo, mti mgumu wa nchi za baridi, na nyuzi zake zimenyooka toka kiungo hadi ncha. Fundi haukerezi siku moja. Hupunguza unene kidogo tu, akautundika wima kwa wiki au miezi, kwa kuwa kila tabaka linapoondoka ubao unaweza kujikunja upya. Ukitulia, anaurudisha kwenye kerezo. Ukipinda, anautupa, hata kama ameshautunza mwaka mzima. Hivyo hivyo mpaka ncha ibaki na milimita 13 hivi.

Nyuma ni mpingo, mti wa kwetu. Ncha zake nne kali zimepanda ndani ya mepo ulio juu yake, chini ya kiungo, kupitia mifereji iliyochongwa, na zote zinakoma usawa mmoja. Mfereji mmoja ukizidi kina kwa unene wa unywele, kosa litaonekana maisha yote.

George Balabushka, mzaliwa wa Urusi aliyeanza kutengeneza fimbo New York mwaka 1959, mara nyingi alitumia vipande vya nyuma vilivyokwisha kuungwa na wengine. Kwangu hilo halimpunguzii kitu: ufundi wake ulikuwa katika kukereza, kusawazisha uzito na kukaza kiungo. Alikufa mwaka 1975, na wachezaji bado wanalitaja jina lake kwa heshima.

Fimbo nzuri haimpi mtu shabaha asiyokuwa nayo. Inampa habari ya kweli: mpira ukigongwa katikati, mkono unajua, ukigongwa pembeni kidogo, mkono unajua pia, kabla ya jicho. Na ule mlio wake, mfupi na mkavu, sijauchoka hata leo.

Ukiipata ya namna hii, usiiegemeze ukutani wala usiiache garini juani. Ifungue, uifute kwa kitambaa kikavu, uirudishe mkobani.