Sinema ya Leone na Deni Lake

Mwaka 1964 Mwitaliano Sergio Leone alitengeneza sinema «Per un pugno di dollari», habari ya Marekani iliyopigwa picha Hispania. Fedha ilikuwa haba: Clint Eastwood alipata dola 15,000 (kwa mwalimu ni nyingi!). Leone akajiita Bob Robertson, naye Morricone, mtunga muziki, Dan Savio, wapate kudhaniwa Wamarekani. Hayo twayasamehe. Tena twasifu ukimya ule, na nyuso zinazojaza pazia lote. Lakini mgeni yule asimamaye kati ya magenge mawili na kuyagonganisha ametoka katika «Yojimbo» ya Mjapani Kurosawa, ya mwaka 1961. Upanga tu umegeuka bastola. Ruhusa haikuombwa. Wajapani wakadai, wakapewa sehemu 15 kwa mia ya mapato.