Safari ya Nani? Uhakiki wa Lugha ya Utalii Ikisomwa Kutoka Kahendero

Katika Kiswahili cha kila siku, safari ni mwendo wenye sababu: msiba, matibabu, masomo, biashara. Mchuuzi anayetoka Kahendero alfajiri na samaki wake kwenda soko la Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe, yuko safarini. Watalii wanaopita Kikorongo kuelekea nyanda za Kasenyi nao husemwa wako safarini, ila kwa maana ambayo neno letu liliipata lilipoingia Kiingereza katika karne ya 19: kuwaendea wanyama, kwanza kwa bunduki, baadaye kwa kamera. Maana hiyo imeturudia, nasi tunaitumia bila kuihoji. Makala haya yanadai kwamba lugha hiyo humwondoa mwenyeji katika mandhari, na kwamba athari yake inafika hadi kwenye sheria.

Kahendero ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, wilayani Kasese, miongoni mwa vile vilivyoachwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga. Malkia alipozuru mwaka 1954 ikapewa jina lake. Chini ya Idi Amin ikaitwa Rwenzori. Hatimaye jina la malkia likarejeshwa. Jina lililotoka kwenye maji ya wavuvi lilidumu miaka miwili tu.

Tuzisome sasa matini za kutangaza ziara za mashua katika Mlango wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Sarufi yake inafichua mengi. Vitenzi hupewa wanyama: kiboko anaoga, tembo anavuka, simba wa Ishasha wanapanda miti. Mtalii hupewa kitenzi kimoja, kutazama. Mvuvi hutajwa mwishoni, akiwa nomino isiyo na kitenzi, sehemu ya picha pamoja na mitumbwi na machweo. Havui, hadai, haogopi. (Nami nina picha ya zamani niliyopigwa huko nikiwa nimewapa wavuvi mgongo; wakati ule sikuona tatizo.) Ilhali kiboko anayesifiwa kwa utulivu saa kumi alasiri ndiye anayeweza kuupindua mtumbwi usiku, mtu anapotega nyavu za ngege.

Upungufu huu ulionekana wazi Aprili 2018, simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walipokutwa wamekufa karibu na Hamukungu, kijiji jirani, kwa kilichoshukiwa kuwa sumu. Uhalifu huo hauna utetezi. Hata hivyo, masimulizi mengi yaliyouzunguka yalikuwa na wahusika wawili tu, simba na muuaji. Mfugaji anayelala na ng'ombe wake katikati ya hifadhi, na anayepoteza ndama bila gari lolote kusimama kutazama, hakuwa na nafasi katika utanzu huo.

Watetezi wa utalii watajibu kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa jamii jirani kupitia serikali za mitaa, na kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeanzisha mpango wa fidia. Majibu haya ni ya kweli na yana uzito. Lakini fidia hiyo imefungwa kwa madhara yanayotokea nje ya eneo lililohifadhiwa. "Nje" inaeleweka kwa mkulima aliye upande wa pili wa mpaka. Kwa Kahendero, ambako hifadhi imekizunguka kijiji, ni neno gumu: mtoto anayechota maji ufukoni yuko nje au ndani? Mwandishi wa sheria aliyezoea kufikiri kwamba ndani ya hifadhi mna wanyama na wageni tu hawezi kuliona swali hilo.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Washauri wa sera wanaoandaa tafsiri za sheria hii, kanuni zake na miongozo ya waongozaji wa watalii wana nafasi adimu kabla istilahi hazijakauka. Waanze na kijiji kilicho ndani ya hifadhi: hakina jina moja linalokubalika katika Kiswahili, na mpaka sasa kila mfasiri hulazimika kukieleza kwa sentensi nzima. Jina hilo litafutwe Kahendero na Hamukungu, kwa wanaoishi humo, kisha neno "nje" lifafanuliwe nalo likiwa mezani.