Pua ya "kabla", pua ya "baada": tuisome hiyo video vizuri

Msimu wa pamba uliopita, binti wa mama mdogo aliyeko Mwamapalala alinitumia video fupi ya upasuaji wa pua. Pua ya "kabla", muziki kidogo, halafu pua ya "baada". Chini akaandika: "Dada, hii inapona kwa muda gani? Nikiuza pamba nafika?"

Sina ugomvi na mtu anayetaka kubadili pua yake. Ugomvi wangu ni na video, maana inajifanya ushahidi. Basi tuikosoe kama tunavyokosoa makala ya kisayansi.

Angalia kamera kwanza. Picha ya "kabla" ni selfi, simu iko karibu kabisa na uso. Ya "baada" imepigwa na mtu mwingine aliyesimama mbali. Mwaka 2018 Boris Paskhover, daktari wa upasuaji Marekani, na wenzake walikokotoa athari ya umbali huo: kwenye picha ya sentimita 30 hivi, pua huonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30 ikilinganishwa na uso. Ukifika mita 1.5, tofauti inakuwa kama haipo. Ncha ya pua iko karibu na lenzi kuliko mashavu, kwa hiyo inatoka kubwa. Jaribu mwenyewe leo, na usilipe mtu.

Nikitenda haki, kipande cha pua kwa upande kinasaidia. Nundu ya mfupa iliyoondolewa inaonekana, na pale kamera haina ujanja mwingi.

Kinachoniudhi hasa ni neno "baada". Baada ya lini? Kile kifaa kigumu cha kushikilia pua hutolewa baada ya wiki moja hivi, na weusi wa chini ya macho huisha kwa wiki mbili tatu. Uvimbe sasa, huo una subira yake. Ncha ya pua inaweza kuchukua mwaka mzima kutulia, na kwa wenye ngozi nene, ambao huku kwetu ni wengi, hata zaidi. Daktari anachonga mfupa na gegedu, lakini ngozi inayofunika ni ile ile. Ikiwa nene, haionyeshi kila alichochonga chini. Ndiyo maana mara nyingi huongeza gegedu, la sikio au la ubavu, badala ya kupunguza tu. Kupunguza upana wa matundu kunaacha kovu kwenye mkunjo wa pua, na mwenye historia ya makovu yanayovimba lazima aliseme hilo mapema. Ukipunguza kupita kiasi, kupumua kunakuwa shida. Tafiti nyingi hutaja kati ya asilimia 5 na 15 ya watu wanaorudi mezani mara ya pili. Huyo wa kurudi hayumo kwenye video, jamani.

Halafu ile mistari iliyochorwa usoni, kwamba upana wa pua uwe sawa na nafasi kati ya macho. Ni kanuni ya wachoraji wa zamani wa Ulaya. Leslie Farkas alipopima nyuso za Wazungu wa Amerika Kaskazini miaka ya 1980, wengi wao wenyewe haikuwakaa! Itutoshe sisi kwa lipi?

Kuhusu pamba: tangu 2023 upasuaji wa urembo unatolewa hata Muhimbili-Mloganzila, kwa hiyo si lazima uwaze India au Uturuki. Ila hesabu isiishie kwenye siku ya upasuaji. Kuna mwaka wa kuonwa na daktari, na kutoka Itilima hadi Dar ni nauli, malazi na siku za shamba.

Nilimwambia aulize wenye video jambo moja tu: picha ya "baada" ilipigwa mwezi wa ngapi. Ameuliza. Ujumbe umesomwa, jibu halijaja.